Mwongozo kamili: kuandaa na kuuza meza ya kale yenye njumu bila kuiharibu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia za Lubumbashi zilizo na meza ndogo ya pembeni ya zamani, ile yenye maua, nyota au ndege waliotengenezwa kwa vipande vya mbao, mfupa, gamba la chaza au shaba vilivyopachikwa usoni, yaani njumu, na ambazo zimeamua kuiuza. Kosa linalojirudia ni lile lile. Meza inapelekwa kwa seremala, inapigwa msasa, inapakwa vanishi mpya inayong'aa, kisha inatangazwa. Mnunuzi anayezijua meza za namna hiyo anaitazama mara moja, anaaga kwa adabu na kuondoka. Anayenunua kitu cha kale ananunua uso wake wa zamani, na uso huo ukishakwanguliwa hakuna fundi anayeweza kuurudisha.

Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zina shabaha moja: kushikiza kilicholegea, kuondoa uchafu tu, kueleza meza kwa ukweli, na kuifikisha kwa mnunuzi ikiwa nzima. Usianze kazi hii katika juma lile lile unalohitaji fedha za karo au za kodi ya nyumba, kwa maana mwenye haraka hukubali bei yoyote na huruka hatua zinazoilinda meza.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Vingi kati ya vitu hivi vinapatikana famasi, sokoni au dukani kwa wauza vifaa vya useremala. Viweke vyote mahali pamoja kabla ya kuigusa meza.

- Mita ya kupimia, tochi, na kioo cha kukuzia.
- Brashi laini ya kupaka rangi, ambayo haijawahi kutumiwa.
- Pamba, vijiti vyembamba, na vitambaa vyeupe vya pamba vilivyofuliwa mara nyingi.
- Maji yaliyochemshwa yakapoa, na sabuni ya maji isiyo kali.
- Chupa ndogo ya alkoholi ya famasi, kwa ajili ya majaribio peke yake.
- Gundi ya ngozi ya wanyama iliyo katika chembe. Ukiikosa, jelatini ya jikoni isiyo na sukari wala ladha hufanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa hutengenezwa kwa ngozi na mifupa vile vile.
- Sirinji mbili au tatu zenye sindano nyembamba.
- Karatasi ya nailoni, vipande vya mbao vilivyonyooka, na mfuko wa nguo uliojazwa mchanga mkavu.
- Nta ya nyuki safi na tapentaini kidogo.
- Karatasi nyeusi, bahasha, na kalamu ya risasi.

Viko pia vitu vya kuondoa kabisa chumbani, ili mtu mwenye nia njema asije akavitumia: msasa, sufi ya chuma, misumari, gundi nyeupe ya kiwandani, gundi ya haraka ya vibomba vidogo, dawa za kupuliza za kung'arisha samani, mafuta ya mawese na petroli. Mawese hayakauki, hubaki ndani ya mbao, hukusanya vumbi, hugeuka kuwa ukoko mweusi na kunuka. Dawa nyingi za kupuliza zina silikoni, ambayo huingia katika nyufa na kuzuia gundi yoyote kushika baadaye.

## Hatua ya 1: Iache meza itulie

Iweke meza katika chumba ambamo jua haliingii moja kwa moja, mbali na jiko na mbali na ukuta wenye unyevu, kisha uiache kwa majuma mawili au matatu bila kuweka kitu juu yake.

Sababu yake ni hali ya hewa yetu. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukatika Lubumbashi na hewa hukauka sana. Mvua zinaporudi, mbao hunywa unyevu na kuvimba. Mbao ya msingi hupanuka na kusinyaa kwa upande wa mapana yake, ilhali vipande vilivyopachikwa juu, ambavyo nyuzi zake zinaelekea kila upande, na hasa mfupa na shaba, havifuati mwendo huo. Hapo ndipo gundi inapoachia na njumu inapoinuka. Meza iliyotolewa stoo yenye unyevu ikatengenezwa siku hiyo hiyo itafunguka tena ikifika sebuleni kwa mnunuzi.

Tumia muda huo kuchunguza wadudu. Tandaza karatasi nyeusi chini ya miguu na chini ya uso wa meza. Ukikuta unga mpya wa rangi nyepesi juu ya karatasi baada ya siku chache, bungua wangali wanakula ndani. Matundu ya zamani yasiyotoa unga ni kovu tu, na mnunuzi wa vitu vya kale hayaogopi mradi umemwonyesha.

Ikiwa wadudu wapo, dawa yenye permetrini huingizwa kwa sirinji tundu kwa tundu, kutoka upande wa chini na ndani ya miguu, pasipo kuimwagia sehemu iliyopakwa vanishi. Vaa glavu na ufungue madirisha. Ukiona njia za udongo za mchwa, itoe meza nje ya nyumba kwanza, kwa sababu tatizo limeanzia sakafuni au ukutani na litaendelea kuifuata.

Umefanikiwa ikiwa karatasi nyeusi imebaki safi kwa majuma mawili mfululizo.

## Hatua ya 2: Igeuze na uisome upande wa chini

Tandika blanketi mezani au sakafuni, ondoa mtoto wa meza ikiwa yupo, kisha igeuzeni watu wawili mkiishika kwenye fremu iliyo chini ya uso. Meza isishikwe kwenye ukingo wa uso wake, kwa kuwa hapo ndipo vipande vidogo hung'oka.

Upande wa chini usisafishwe hata kidogo. Vumbi la zamani, alama za kalamu, namba, lebo ya duka, mhuri wa mtengenezaji, hata karatasi iliyoliwa nusu, ni ushahidi wenye thamani kuliko mng'ao wa juu. Piga picha kila unachokiona.

Kisha angalia mambo haya:

Alama za msumeno. Mistari iliyonyooka isiyolingana huonyesha msumeno wa mkono. Mistari ya mviringo inayofanana huonyesha msumeno wa mashine wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19.

Parafujo. Parafujo zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea katika miaka ya 1930. Ukizikuta mahali ambapo hapajawahi kufunguliwa, meza si ya zamani kuliko hapo. Ukizikuta mahali palipotengenezwa upya, zinakuambia tu kwamba fundi alipita.

Tripleksi. Ikiwa mbao ya msingi ya uso ni tripleksi, yaani tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa pamoja, karibu kwa hakika unashika kitu cha karne ya 20.

Kipimo cha duara. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakigharimu chochote. Meza ya duara yenye mbao ya msingi isiyo tripleksi ipime kipenyo kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha kwa kuzikata nyuzi. Mbao husinyaa kwa mapana na karibu haisinyai kwa marefu, kwa hiyo duara la zamani huwa limepoteza milimita kadhaa upande mmoja. Duara lililo kamili pande zote linatia shaka.

Unene wa vinia, yaani ule ubao mwembamba uliobandikwa juu ya mbao ya msingi. Itazame pembeni au mahali palipovunjika. Vinia iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono huwa na unene wa milimita 1 hadi 3. Ile ya mashine mara nyingi haifiki milimita 1, na ndiyo sababu msasa huimaliza kabla fundi hajatambua.

Kivuli ndani ya njumu. Katika kazi nzuri ya zamani, jani au ua lina ukungu wa kahawia upande mmoja unaofifia polepole. Mafundi waliupata kwa kuchovya kipande cha mbao katika mchanga wa moto kabla ya kukipachika. Chini ya kioo cha kukuzia utauona umo ndani ya mbao yenyewe. Ukiona vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa, hiyo ni picha iliyochapwa, na uuze kama meza ya kawaida.

Biashara ya vitu vya kale, pamoja na kanuni za forodha za nchi nyingi chini ya namba 9706, huhesabu kitu kuwa cha kale kikizidi miaka 100. Mji wetu wenyewe ulianzishwa mwaka 1910, kwa hiyo meza ya kale halisi hapa mara nyingi ilikuja na familia zilizotoka Ubelgiji, Italia, Ugiriki au kisiwa cha Rhodes, au ilinunuliwa katika safari. Ikiwa huna ushahidi wa umri, andika "ya zamani" na uishie hapo. Neno "ya kale" lihifadhi kwa meza uliyoweza kuithibitisha.

Umefanikiwa ikiwa una ukurasa mmoja wenye vipimo, alama ulizozikuta, na sentensi mbili za ukweli juu ya umri wake.

## Hatua ya 3: Tambua njumu imetengenezwa kwa nini

Hatua hii isirukwe kwa sababu yoyote, kwa kuwa inaweza kukufikisha mahakamani.

Watu wengi mjini hudhani kwamba pembe ya ndovu huongeza bei. Ukweli ni kinyume chake. Kongo imo tangu 1976 katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira inawaadhibu wanaofanya biashara ya viumbe vinavyolindwa na sehemu zao. Katika nchi za wanunuzi hali ni ngumu vile vile: Uingereza, kwa mfano, ilitunga sheria yake mwaka 2018 na kuanza kuitekeleza mwaka 2022, na tangu hapo ni vitu vichache sana vyenye pembe vinavyoruhusiwa kuuzwa huko.

Chunguza kila kipande cheupe kwa kioo cha kukuzia na tochi iliyolazwa pembeni.

Mfupa huonyesha vitone au mistari mifupi ya kahawia, ambayo ni mishipa midogo ya damu ya mnyama. Vipande vyake huwa vidogo, kwa kuwa mfupa wa ng'ombe hautoi ubao mpana. Mfupa wa ng'ombe unauzwa bila tatizo.

Pembe ya ndovu haina vitone hivyo. Ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana na kufanya vyumba vidogo vya pembe nne, na ikikatwa kwa urefu huonyesha mistari laini ya mawimbi.

Plastiki haina mistari, au ina mistari iliyolingana mno, na mara nyingi imegeuka njano kwa namna moja kila mahali.

Gamba la chaza hung'aa kwa rangi zinazobadilika unapoizunguka meza. Gamba lenye mawingu ya kahawia na asali linaweza kuwa la ng'amba, kasa ambaye naye analindwa na mkataba ule ule katika daraja la juu kabisa.

Wengine hushauri kuchoma kipande kwa sindano ya moto ili kukijua. Usifanye hivyo. Utaacha tundu jeusi katika kitu unachotaka kukiuza, na jibu utakalopata halitakuwa na uhakika.

Ukiwa na shaka kwamba ni pembe au ng'amba, simamisha uuzaji. Usitangaze, usimtumie mtu picha, na usivuke mpaka wa Kasumbalesa na meza hiyo. Ipeleke habari ofisi ya mkoa ya ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa maumbile, na uulize kwa maandishi. Wala usiing'oe pembe na kupachika mfupa badala yake, kwa sababu utakuwa umeiharibu meza na kujitengenezea maelezo magumu kwa pamoja.

Kwa Katanga kuna jambo la ziada. Baadhi ya meza zetu zina malakiti, jiwe la kijani linalochimbwa hapa hapa, lililopachikwa pamoja na shaba nyekundu. Hilo lina ruhusa, lakini ni jiwe laini lenye shaba ndani yake. Limau na siki, ambavyo wengi hutumia kung'arishia shaba, hulila na kuacha madoa yasiyotoka. Vumbi lake ni sumu, kwa hiyo lisikwanguliwe.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuandika orodha ya kila kitu kilichopachikwa na kueleza ulivyokitambua.

## Hatua ya 4: Shikiza vipande vilivyolegea

Fanya kazi hii kabla ya kusafisha, kwa sababu kitambaa kikinasa ncha ya jani lililoinuka, jani lote linakwenda nacho.

Gonga uso wa meza taratibu kwa ukucha, sentimita kwa sentimita. Mahali pa sauti butu pameshika. Mahali pa sauti ya uwazi pameachia. Weka alama kwa vipande vidogo vya karatasi visivyo na gundi. Kila kipande kilichong'oka kabisa kiingie katika bahasha yake, na juu ya bahasha uandike kilipotoka.

Tayarisha gundi hivi. Loweka sehemu moja ya chembe katika sehemu mbili za maji baridi, au sehemu moja ya jelatini katika sehemu tatu, hadi zivimbe. Weka chombo hicho ndani ya sufuria ya maji ya moto na uache gundi iyeyuke kwa nyuzi 60 za Selsiasi. Isichemke, kwa maana joto kali huvunja nguvu yake. Iko tayari ikitiririka kutoka kwenye kijiti bila kukatika, kama asali iliyopashwa moto.

Ninasisitiza gundi hii kwa sababu mbili. Meza nyingi za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya aina hiyo, kwa hiyo mpya hushikana na masalia ya zamani bila kukwangua chochote. Zaidi ya hayo, inafunguka tena kwa maji na joto, na fundi wa miaka 50 ijayo ataweza kurekebisha. Gundi nyeupe ya kiwandani ikishakauka huziba mbao, na hakuna kitakachoshika tena juu yake.

Ingiza kwanza maji ya vuguvugu kwa sirinji, matone mawili au matatu, kulainisha gundi ya zamani. Subiri dakika chache. Ingiza gundi ya moto, kandamiza kwa kidole kutoka katikati kwenda ukingoni, na futa mara moja kinachotoka kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Tandaza nailoni, weka ubao ulionyooka au mfuko wa mchanga, kisha uzito au jiliwa lililokazwa kwa kiasi. Acha saa 24.

Utepe wa shaba ya manjano uliojikunja ni mgumu zaidi, kwa kuwa umekwisha kurefuka na hautaki kulala katika mfereji wake. Usiupigilie msumari na usiukate. Ukikataa kulala baada ya kusafishwa chini yake na kukandamizwa, ufunge kwa uzi laini usidhurike zaidi, na umweleze mnunuzi. Huyo ana fundi wake.

Kipande kilichopotea kabisa kiache pengo lake. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ambao maseremala wetu huupenda, huonekana kutoka mlangoni. Ikiwa pengo linaumiza macho sana, lijaze kwa nta ya nyuki iliyotiwa unga wa rangi ya udongo, ambayo yeyote anaweza kuitoa kwa kijiti cha mbao.

Umefanikiwa ikiwa sauti ya ukucha ni ile ile uso mzima na hakuna mng'ao wa gundi kando ya vipande.

## Hatua ya 5: Safisha kidogo kuliko unavyotamani

Ondoa vumbi kwa brashi laini, ukifuata nyuzi za mbao.

Kisha ujue ni vanishi gani iliyopo. Upande usioonekana, chini ya ukingo, gusa kwa kijiti cha pamba chenye tone la alkoholi. Ikiwa panakuwa na unato baada ya sekunde chache, hiyo ni vanishi ya zamani ya gomu-laka, na alkoholi isikaribie tena meza yako. Ikiwa hakuna kinachotokea, huenda meza ilikwisha kupakwa vanishi ya kisasa, na hilo litaandikwa katika tangazo.

Baada ya hapo tumia kijiti cha pamba kilicholoweshwa maji yenye sabuni kidogo sana na kukamuliwa hadi kisidondoshe tone. Safisha eneo dogo, futa kwa kijiti chenye maji matupu, kausha papo hapo. Badilisha pamba ikiwa nyeusi. Maji yakikaa katika mshono wa njumu yatafungua kazi yote ya hatua iliyotangulia.

Simama pale uchafu unapokwisha na rangi inapoanza. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia safi badala ya kijivu, unaondoa vanishi. Duara jeupe lililoachwa na kikombe, mkwaruzo wa zamani na tofauti ya rangi kati ya uso na ndani ya mtoto wa meza vibaki kama vilivyo. Ninajua kwamba mama mwenye nyumba huona haya kuonyesha meza yenye alama ya kikombe, lakini mnunuzi mzuri huifurahia kuliko uso mpya, kwa kuwa inamthibitishia kwamba hakuna aliyeugusa.

Shaba usiing'arishe. Dawa ya kung'arishia huacha ukungu mweupe katika nyuzi za mbao zinazoizunguka, nao hautoki.

## Hatua ya 6: Paka nta mara moja

Yeyusha nta ya nyuki ndani ya sufuria ya maji ya moto, iondoe mbali na moto, kisha ongeza tapentaini hadi ikipoa iwe laini. Tapentaini hushika moto kwa urahisi. Kazi hii ifanyike nje, mbali na makaa.

Chukua kiasi kidogo mno kwa kitambaa, paka bila kukandamiza, subiri nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Ruka sehemu zilizopasuka na zile ulizozijaza.

Umefanikiwa ikiwa uso unaakisi mwanga wa dirisha kwa ulaini, na kidole kikipita hakiachi alama.

## Hatua ya 7: Piga picha zinazosema ukweli

Piga asubuhi, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na nyuma ya meza pawe na shuka la rangi moja. Zinahitajika picha hizi: meza nzima kwa mbele na kwa pembeni, uso wote kutoka juu, njumu kwa karibu mahali pawili au patatu, upande wa chini, kiungo cha mguu, mtoto wa meza akiwa nje, na kila kasoro ikiwa na mita kando yake. Picha za kasoro ndizo zinazouza. Mnunuzi aliye Kinshasa au Bruxelles akiona umemwonyesha ufa, anaamini pia yale usiyomwonyesha.

## Hatua ya 8: Weka bei na uandike tangazo

Bei unazoziona katika kurasa za wauzaji wa Ulaya ni bei wanazoziomba. Tafuta matokeo ya minada, yaani bei zilizolipwa, kwa meza za aina, ukubwa na hali inayofanana na yako. Jiandae kupunguza matarajio: kwa zaidi ya miaka 20 bei za samani za kawaida za mbao za kahawia zimeshuka sana Ulaya, na zilizobaki juu ni zile zenye kazi ya kipekee au mhuri wa mtengenezaji anayejulikana. Toa pia gharama ya usafiri, kwa sababu mnunuzi wa mbali ataitoa.

Andika namba mbili: bei ya kutangaza, na bei ambayo chini yake meza inabaki nyumbani. Ya pili wanafamilia wakubaliane nayo kabla, hasa ikiwa ni mali ya urithi. Mauzo mengi hufa siku ya malipo kwa sababu baba mdogo hakuulizwa.

Tangazo liwe na maneno kama haya, na likiwezekana liandikwe pia kwa Kifaransa:

*Inauzwa Lubumbashi: meza ndogo ya pembeni, ya zamani, uso wa duara wenye njumu ya maua kwa mbao za rangi mbalimbali na mfupa. Kipenyo sm 58 kwa kufuata nyuzi, sm 57.4 kwa kuzikata. Kimo sm 71. Vinia ina unene wa takriban milimita 1.5. Haijapigwa msasa. Vipande vinne vimeshikizwa kwa gundi ya ngozi. Majani mawili yamepotea. Matundu ya zamani ya bungua mguu mmoja, hayatoi unga. Hakuna pembe ya ndovu wala gamba la ng'amba. Bei kwa dola. Inaweza kutazamwa kwa miadi.*

Usiandike nchi ilikotoka wala karne ikiwa hatua ya 2 haikukupa ushahidi. Neno moja la kubuni, likigunduliwa, linaangusha na yale ya kweli.

## Hatua ya 9: Mapokezi, malipo na usafirishaji

Mpokee mnunuzi mchana, mahali penye mwanga, na awepo ndugu mwingine nyumbani. Atakapouliza, "Mama, bei ya mwisho ni ngapi?" kabla hata hajainama kutazama chini ya meza, mwombe kwanza aigeuze pamoja nawe. Anayejua ataigeuza na kukaa kimya kwa muda. Asiyetaka kuigeuza anatafuta cha kuuza tena kesho, na kwake usishuke bei.

Ukilipwa kwa dola, kagua noti moja moja, kwa kuwa iliyochanika hata kidogo itakataliwa mjini. Ukilipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, angalia salio katika simu yako mwenyewe. Ujumbe unaoonyeshwa katika simu ya mnunuzi si malipo. Andikeni karatasi mbili zenye tarehe, maelezo ya meza kama yalivyo katika tangazo, kasoro zote, bei, na sahihi za pande mbili.

Ikiwa meza inakwenda nje ya nchi, mnunuzi na muuzaji waulize forodha mapema, na ikiwa ni kazi ya zamani ya mikono ya Kikongo, waulize pia Jumba la Makumbusho la Lubumbashi, kwa sababu sheria ya mwaka 1971 inalinda mali ya utamaduni isitoke kiholela. Mbao zenyewe huweza kuhitaji kibali: mukula wetu, mti wa mbao nyekundu, na aina zote za Dalbergia, jamii ya mpingo, zimo katika orodha za CITES, ijapokuwa kwa Dalbergia nyingi bidhaa zilizokamilika zenye chini ya kilo 10 za mbao hiyo katika mzigo mmoja zimesamehewa.

Kwa safari, toa mtoto wa meza na umfunge peke yake. Zungushia meza shuka la pamba kwanza, kisha blanketi, kisha kamba juu ya fremu, kamwe si juu ya uso. Nailoni isigusane na vanishi, kwa kuwa ndani ya gari lenye joto hunata na kung'oka nayo. Isafiri ikiwa imesimama kwa miguu yake, ikiwa imefungwa isisogee, bila mzigo juu. Pikipiki haifai hata kama ni kutoka mtaa wa Golf kwenda Kamalondo, humu humu mjini. Bahasha za vipande ambavyo hukuweza kuvirudisha, pamoja na ule ukurasa wa vipimo, mkabidhi mnunuzi mkononi, na umwombe asaini kwamba amevipokea.